Mtoto Njiti Hunyweshwa kwa Pumzi

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na kama kusahau kungekuwa kazi ya mikono ningekwisha kuimaliza zamani. Ni siku niliyomnywesha mtoto wangu wa kwanza ilhali amechoka.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa kijiji cha ujamaa upande wa Urambo, nyumba mpya zimenyooka mistari na hakuna hata mti wa kukupa kivuli. Mtoto alikuja kwa miezi saba. Njiti. Tulilazwa Tabora mjini majuma matano, na muuguzi akanifundisha kukamua maziwa yangu kwenye kikombe kidogo na kumgusisha mdomoni. Mtoto kama yule hana nguvu ya kunyonya, na kumeza na kupumua hajui bado kuvipanga.

Tuliporudi kijijini, mama mkwe wangu, Bibi Kalunde, alimpokea akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kaniki yake. Nyanya yake yeye Bibi Kalunde alikuwa mke wa mpagazi, alitembea na misafara mpaka pwani, na wanawake wale waliozaa njiani kabla ya wakati ndivyo walivyowabeba watoto wao.

"Mwalimu," aliniambia, maana siku zile hakuniita jina jingine, "huyu hanyweshwi kwa saa yako ya mkononi. Hunyweshwa kwa pumzi. Funda moja, msubiri apumue. Akikunja uso, weka kikombe chini, hata kama hajamaliza."

Nilimwitikia, "Ndiyo, mama." Lakini kichwa changu hakikutulia. Mtoto akilala nilihofu amekufa. Akiamka nilihofu ana njaa. Akinyamaza nilihofu amekosa nguvu za kulia. Niliandika kila funda kwenye daftari, kisha nikahofu kwamba nimeandika vibaya. Haba na haba hujaza kibaba, nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi. Nyumbani kwangu nilikitaka kibaba kijae siku hiyohiyo.

Likabaki juma moja mtoto atolewe nje, jamaa na majirani wamwone. Wanawake waliotoka shamba la kijiji wakapita kunijulia hali. Jirani yangu Mama Shija akachungulia kwenye khanga.

"Ee mwalimu, umezaa au umeokota kifaranga?"

Mwingine akadakia, "Kumbe chaki hainenepeshi!"

Walicheka, nami nikacheka. Hawakuwa na ubaya, mwanangu. Ndivyo watu wanavyotaniana. Ila mzaha ule niliulalia na kuuamkia. Nikaiona siku ya kumtoa nje, watu wamejaa uani, na mimi nimeshika kifaranga.

Asubuhi moja Bibi Kalunde alikwenda shambani, zamu yake ilikuwa imefika. Akaniachia mtoto. Nikachanganya maziwa na uji mwepesi ili apate mwili. Alikunywa mafunda manne, akakunja uso, akageuza kichwa. Nikakitazama kikombe: bado nusu. Nikamshika kidevu, nikamimina.

Hakulia. Alikohoa mara moja, midomo ikawa rangi ya majivu. Nilimgeuza, nikampigapiga mgongoni, pumzi ikarudi, lakini ilirudi na mlio, kama maji yanayochemka mbali. Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli mchana uleule. Uji ulikuwa umekwisha kuingia kifuani. Siku ya nne akatutoka.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wangu walikuja, naam, lakini walikuja kuzika.

Mbele za watu Bibi Kalunde hakunitaja. Alisema mtoto alikuwa dhaifu, basi. Matanga yalipokwisha akanikuta nimekaa na daftari, nayapitia mafunda yale, natafuta kosa liko ukurasa gani. Akalifunga taratibu.

"Binti yangu, ulikuwa unamlisha mtoto, au ulikuwa unawalisha wageni macho?"

Nilizaa wengine watatu, wakakua. Kila mmoja nilimnywesha nikihesabu pumzi zake, si mafunda.

Basi sikia, mwanangu, wewe uliyejaliwa mtoto kabla ya siku zake. Usiwaonee aibu wauguzi. Waulize leo, urudi kesho uwaulize tena. Mweke kifuani. Mpe maziwa yako, si uji, kwa kiasi anachoweza kumeza, na umtazame pua na kifua kuliko kikombe. Akichoka, mwache apumzike. Akizidi kuchoka, au rangi ikibadilika, mkimbize hospitali, usingoje mume wala jirani. Na watakaomcheka, wacheke. Aibu ya mtoto mwembamba hupita. Niliyoitenda mimi haikupita.

Mungu akupe mkono mtulivu. Amjalie mwanao funda na pumzi, na funda jingine, mpaka siku atakapokunyang'anya kikombe anywe mwenyewe. Amina.