Siku Niliyobaki Kituoni

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, Hodan mwanangu, ni ile niliyokaa juani na mguu wa plasta nikigawa maji kwa watu waliokuwa wakikimbia mbio zangu. Mume wangu akinisikia nikisema hivyo hununa. Lakini ya harusi nimeshasahau nusu yake, na ya siku ile sijasahau kitu.

Mama yako, wifi yangu, ameniambia umejifungia chumbani tangu goti lako liumie. Ameniambia pia wenye mashindano walikupigia simu, wakakuomba ukasaidie kituoni, na ukawajibu kwamba wewe ni mkimbiaji, si mgawa maji. Nilicheka, mwanangu, kwa sababu hayo maneno nayajua. Niliyasema mimi kabla hujazaliwa, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Miaka hiyo nilikuwa mwalimu kijana hapa mtaa wa Iftin. Mashindano ya nyika yalipoletwa Garissa kwa mara ya kwanza, wasichana wanne tulijiandikisha kama timu. Unajua yalivyo: mnapewa ramani na dira, mnakimbia, mnasukuma baiskeli kwenye mchanga, mnatafuta vituo vilivyofichwa vichakani, mpaka mfike ukingoni mwa Tana. Na lazima wanne mfike pamoja, akikosekana mmoja hamjafika. Mji mzima ulitusema. Tulifanya mazoezi kabla jua halijawa kali, na suruali ndani ya magauni yetu mapana ya dira, na hijabu tumezifunga kwa pini zisipeperuke. Wazee dukani walituuliza kama tunafukuzwa na fisi. Tulizoea. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, na niliapa tutafika mtoni hata kwa magoti.

Basi wiki chache kabla ya siku yenyewe nikakanyaga shimo la ngiri. Nilisikia mlio kwenye kifundo cha mguu kabla sijasikia maumivu. Hospitali wakaniambia kano zimechanika, wakanifunga plasta mpaka chini ya goti, na nafasi yangu akapewa binamu yangu Ifrah. Nilimwombea mema kwa mdomo tu, moyoni nilikuwa nawaka. Nikajilaza, nikaugeukia ukuta.

Aliyenitoa kitandani ni Habaryar Dahabo, mama yangu mdogo, ndugu ya mama. Alikuwa na kibanda cha chai, na wenye mashindano walimpa kazi ya kuwapikia wasaidizi wa vituoni. Mwanamke mfupi, mgomvi, mwenye huruma anayoificha asije akaombwa kitu. Aliingia chumbani bila hodi akavuta shuka.

"Mguu umeumia," aliniambia kwa Kisomali. "Na mikono nayo imefanya nini?" Kisha akaingiza Kiswahili chake: "Simama, nahitaji mtu wa kunikoboa vikombe."

"Habaryar, vikombe havikobolewi."

"Utavikosha basi. Umeshaanza kunifundisha, kumbe umepona."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta kituo cha mwisho, ndani kidogo kutoka barabara ya Modogashe, chini ya turubai, na mapipa ya maji, sufuria ya chai na filimbi shingoni. Kazi yangu ilikuwa kuwapa watu maji na kuwaonyesha upande wa mto. Sharti lilikuwa moja tu: kituo hakifungwi mpaka timu ya mwisho ipite.

Asubuhi nzima nilikuwa na kisirani. Kila timu iliyopita niliitazama miguu, si uso. Halafu wakaja wasichana wangu. Vumbi limewafunika mpaka kope, Ifrah yuko mbele na baiskeli begani kwa sababu miiba ilikuwa imetoboa gurudumu. Walikunywa wamesimama. Mmoja alinishika shavu akasema, "Tuko wa tatu, Shukri. Wa tatu!" Wakapotea vichakani. Nilifurahi, na nililia, vyote kwa pamoja, nikamwambia Habaryar ni moshi wa chai.

Alasiri ikafika. Timu zote zilikuwa zimepita isipokuwa moja, ya wanafunzi wanne kutoka Kisumu. Niliwajua kwa sababu jana yake binti wa kundi lao, Achieng, aliniomba pini za hijabu abandike namba yake kifuani, na tukakaa tukipiga soga. Mtu wa kucheka hovyo, hata kisichochekesha.

Mara likaja gari la waandaaji kukusanya vitu. Dereva alikuwa Musyoka, kijana wa Mwingi, mcheshi, mwenye haraka zake.

"Mwalimu, panda twende," akasema. "Wasichana wako wanakaribia mto. Nikikanyaga mafuta tutawakuta wakimaliza."

Moyo uliruka, mwanangu. Nilishaanza kutafuta magongo yangu. Nilijiona pale ukingoni nimeshikana na wenzangu, watu wote waliotucheka wakitupigia makofi.

"Na wale wa Kisumu?" niliuliza.

"Hao washatoka. Nilipopata mtandao kule nyuma nikaambiwa kuna timu imechoka, imepanda lori kurudi mjini. Ni wao tu, nani mwingine? Hesabu imetimia."

Habaryar alikuwa ameinama akichochea moto. Akanyooka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na hakuwahi kukionea haya.

"Wewe kijana, sema bolebole. Nani ameona hao watu kwa macho?"

"Mathe, ni simu nimepigiwa."

"Simu iko na macho?"

Musyoka akacheka. Habaryar hakucheka. Akanigeukia mimi, na sasa akarudi kwenye Kisomali, pole pole, na hapo nikajua amekasirika kweli, kwa sababu hasira ndogo alizipigia kelele.

"Wewe umekulia kwenye boma la mbuzi," akasema. "Mifugo ikirudi jioni, mama yako alikuwa akihesabu? Alisimama langoni akatazama nyuso. Yule mwekundu, yule mwenye sikio lililokatwa, yule anayechelewa kila siku. Akimkosa mmoja hakuvuta tawi la miiba kufunga lango, hata kama watu kumi wamemwambia wote wameingia. Sasa hapa lango ni lako. Umeiona sura ya yule binti? Kama hujaiona, unamfungia nani nje?"

Kweli alikuwa hivyo mama, Mungu amrehemu. Hakujua namba zaidi ya vidole vyake, lakini hakuwahi kulala mnyama wake akiwa nje bila yeye kujua.

Nitakuambia wazi kwamba nilimchukia Habaryar kwa muda. Mto ulikuwa unaniita na wenzangu walikuwa wanamaliza bila mimi. Lakini kila nilipotaka kunyanyua mguu niliona uso wa Achieng akicheka, na nikajiuliza yuko wapi na jua hili. Nikamwambia Musyoka, "Nenda. Tuachie mapipa yote ya maji. Ukifika kwenye mtandao uulize majina ya waliopanda lori, na kama si wao, rudi na daktari." Alilalamika kwamba atagombezwa, lakini mapipa akayashusha.

Gari lilipoondoka pakawa kimya kabisa. Niliogopa. Nikamwambia Habaryar tufanye moshi, kwa sababu mtu aliyepotea vichakani haoni turubai, ila moshi ataona. Yeye alikata matawi mabichi, mimi nikatambaa kwa makalio na magoti, na plasta yangu nikiiburuza, nikikusanya kuni. Tukarundika majani juu ya moto mpaka macho yakatutiririka. Nilipuliza filimbi, nikapumzika, nikapuliza tena. Habaryar alishikilia kwamba watatokea magharibi, akakaa ameutazama upande huo kama askari wa getini. Hakukubali kugeuka.

Jua lilikuwa limeshuka sana niliposikia sauti nyuma yetu, upande ambao hakuna aliyeutazama. Ilikuwa Achieng, lakini hakuwa anacheka. Nyuma yake wavulana wawili walikuwa wamembeba wa tatu kati yao, miguu yake ikikokota mchanga. Walikuwa wamefuata njia ya ngamia wakidhani itawafikisha kwenye maji, wakazunguka na kuzunguka, na maji yao yakaisha mchana. Walishakaa chini wangoje usiku. Ndipo wakauona moshi.

Yule kijana hakujua jina lake mwenyewe. Ngozi yake ilikuwa kavu, ina moto. Tulimlaza kivulini, Habaryar akavua shuka lake la mabegani akalilowesha, tukamfunika, na mimi nikamtia maji midomoni kwa kijiko, kidogo kidogo, huku wenzake wakitaka kunywa pipa zima kwa pupa na Habaryar akiwapiga mikono. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Najua nilikuwa nimeamua kwamba huyu hafi mikononi mwangu. Alipouliza chai ina sukari au haina, nilikaa chini nikacheka na kulia mbele ya wote, na safari hii sikusingizia moshi.

Musyoka alirudi na daktari, uso umemshuka. Waliopanda lori walikuwa timu nyingine, iliyopita kwetu asubuhi kisha ikajitoa kabla ya kufika mtoni. Daktari alituambia bila kuficha: wangelala kule, yule kijana asingeamka.

Wasichana wangu walifika mtoni wa tatu. Picha yao ilitundikwa dukani kwa kaka yangu, baba yako, kwa miaka mingi. Wako wanne, Ifrah yuko katikati, mimi simo. Nikipita niliitazama na iliniuma, sikufichi. Mwaka uliofuata nilirudi kukimbia, na mguu huu haukuwa tena ule wa zamani. Tulimaliza karibu na mkia. Lakini katika kila kituo nilisimama nikamsalimia aliyekaa pale, nikamtazama usoni, kwa sababu nilijua sasa anachokataa ili akae.

Basi nisikilize, mwanangu. Sikwambii usahau mbio. Fanya mazoezi ya goti kila siku hata ukilia, na urudi. Lakini wakati unangoja kupona, usijihesabu umetoka. Wapigie simu hao watu leo. Ukifika kituoni, saa za mwanzo zitakuchoma, nia yako isiyumbe. Jifunze sura za wanaopita. Mtu akikuambia wote wamefika, muulize amewaona kwa macho yake, na kama hakuwaona, kaa. Watakuita mkaidi. Waache wakuite.

Mungu akuponye goti, Hodan, akurudishie mbio zako na azibariki. Akupe moyo usiochoka na mikono isiyokaa bure. Na siku utakayopotea wewe nyikani, kwa sababu kila mtu ana siku yake, akujaalie kituoni kuwe na mtu aliyekataa kupanda gari.