Siku Baba Alipoketi Mbele ya Darasa

Harufu ya ndengu kavu ndiyo inayonirudisha kule. Darasa letu la sanaa lilikuwa limewahi kuwa ghala la shule, na ingawa magunia yalishahamishwa, vumbi lake lilibaki katika nyufa za sakafu na kwenye mbao za paa. Mchana jua la Kyuso lilipochoma mabati, harufu ile ilishuka juu yetu pamoja na harufu ya makaa tuliyochorea. Penseli za kuchorea hatukuwa nazo. Mwalimu Njoroge alitufundisha kukata vijiti vya mgunga, kuvipanga ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, kuufunika na kuuweka motoni mpaka vijiti vigeuke makaa mepesi yanayoacha alama nyeusi kama usiku. Karatasi nzuri nazo zilikuwa chache, kwa hiyo tulipasua mifuko ya simiti, tukaikung'uta, tukachora upande wa ndani uliokuwa safi. Nilikuwa kidato cha pili, na kila nilipoingia chumba kile nilihisi kama ninavyohisi mpaka leo ninapoingia kanisani kabla ya watu wengine kufika.

Mwalimu Njoroge alitoka upande wa kati wa nchi, hakujua Kikamba, na alizungumza nasi kwa Kiswahili cha polepole. Somo lake la kwanza lilitushangaza. Alituambia kila mtu aweke mkono wake wa kushoto juu ya dawati na auchore. Tukamaliza haraka, vidole vitano kama reki. Akapita kati yetu akiangalia, kisha akasema, "Mmechora mkono mnaoujua. Sasa choreni mnaouona." Nikautazama mkono wangu. Niliishi nao miaka yote ile na sikujua kwamba ngozi ya vifundo ina mistari kama udongo wa mto uliokauka, wala kwamba kivuli kina rangi zaidi ya moja. Nilishikwa na hofu tamu. Nilijiuliza ni nani aliyekuwa na subira ya kutengeneza vitu hivi vyote, hata pale ambapo hakuna anayetazama.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Baba yangu alikuwa shemasi wa kanisa letu, mkulima wa ndengu na mtama, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa punda. Jioni moja alikuta chini ya mto wangu picha ya mama niliyokuwa nimeichora akichambua ndengu. Hakuipasua. Aliishika kwa pembe zake, akaitazama kidogo, akairudisha. "Mwende," akaniambia, "anayeumba watu ni mmoja. Ile amri ya pili, ya kutojifanyia sanamu, unaijua, mimi mwenyewe nilikufundisha." Nikamwambia ni somo la shule. Akafikiri, akasema wiki ile ile angekwenda kumwomba mwalimu anitoe katika somo hilo kabla hatujachagua masomo ya kidato cha tatu. Na kama shule ingekataa, ningehamia kwa shangazi kule Emali, nikasome shule isiyofundisha kuchora watu. Mimi na mama tulijua kwamba baba akishaomba juu ya jambo na kuamua, halirudi nyuma.

Wiki hiyo nilichora kama mtu anayefunga mizigo. Kila nilipoinua kijiti cha makaa niliwaza kwamba labda ndiyo mara ya mwisho. Siku ya Alhamisi mwalimu alitutangazia jambo jipya: tungechora mtu mzima, aliyeketi, kwa kipindi kizima. Mlinzi wa shule alikuwa amemwahidi kumleta mjomba wake, mshona viatu wa sokoni, ambaye mwalimu hakuwahi kumwona. Kiti kikawekwa mbele, karibu na dirisha. Tukangoja. Kisha hodi ikabishwa, na mlangoni akasimama baba yangu, amevaa koti lake la Jumapili, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Karibu, mzee, karibu sana!" mwalimu akasema, akimshika mkono kwa furaha. "Tulikuwa tunakungoja. Keti hapa. Usiwe na haraka."

Baba alinitupia jicho mara moja. Nadhani alifikiri nimeshamweleza mwalimu kwamba anakuja. Akaketi. Na hapa lazima nieleze jinsi watu wa kwetu walivyolelewa. Mgeni akifika mahali, hataji lililomleta. Hukaribishwa, huketi, hupumzika, na ni mwenyeji atakayemuuliza habari yake wakati ukifika. Mtu anayeanza kusema shida yake kabla ya kuulizwa huonekana hakufunzwa. Kwa hiyo baba aliweka mikono yake juu ya magoti, akangoja aulizwe. Mwalimu, kwa upande wake, alimwona mzee anayejua kutulia kuliko yeyote aliyewahi kumwona, akatugeukia akanong'ona, "Anzeni."

Kimya kikashuka. Ulisikika tu mkwaruzo wa makaa juu ya karatasi. Baba baadaye alisema alidhani tunaheshimu mgeni kwa ukimya, kisha kimya kilipozidi akadhani ni saa ya maombi ya shule, naye akafumba macho akaomba. Ningefungua mdomo, habari yake ingeulizwa, na ikishaulizwa ingesemwa. Nikaona heri nichore. Lakini uso wake sikuthubutu kuutazama, nikaanzia mikononi.

Mutinda, aliyeketi nyuma yangu na ambaye hakuweza kunyamaza hata kwenye mtihani, akanong'ona, "Huyu mshona viatu amevaa kama anaenda kuposa." Watu wakabana vicheko. Akaendelea kuchora, kisha baada ya muda nikamsikia akivuta pumzi. "Wewe Mwende. Geuka kidogo." Sikugeuka. "Hii pua ninayochora hapa ni yako. Haki ya nani, ni yako kabisa!"

"Nyamaza," nikamwambia.

"Mungu wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza kweli.

Nikarudi kwenye mikono. Ilikuwa mikono iliyonibeba, iliyonishika kichwa siku ya kubatizwa, na bado sikuwa nimewahi kuitazama. Ukucha wa dole gumba ulikuwa na mpasuko tangu juu mpaka chini. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilipinda kuelekea ndani na hakikunyooka hata mkono ulipotulia. Mishipa ilipita juu ya mifupa kama mizizi juu ya mwamba. Kadiri nilivyotazama ndivyo hofu ilivyoniondoka, pakabaki kitu kingine ambacho sina jina lake ila shukrani. Nilisahau amri, nikasahau Emali.

Kengele ikagongwa. Mwalimu akamshukuru baba kwa subira yake, akamwambia chai inaletwa. Baba akafumbua macho. "Mwalimu," akasema taratibu, "bado hujaniuliza habari yangu."

"Habari gani, mzee?"

"Mimi ni baba yake Mwende."

Mwalimu Njoroge akaweka mikono miwili kichwani. "Si wewe mjomba wa mlinzi?"

"Mlinzi simjui. Nimemkuta langoni akiongea na mzee mwenye gunia la viatu."

Darasa zima likaangua kicheko, Mutinda mbele ya wote, na hata baba akatabasamu bila kujua anachekea nini. Mwalimu akaomba radhi mara nyingi, akamweleza. Baba alipoelewa kwamba alikuwa akichorwa, tabasamu likatoweka. Karatasi zilikuwa zimetandazwa sakafuni. Akainuka, akaweka mikono nyuma, akaanza kupita kati yake akiwa ameinama, kama anavyopita shambani baada ya mvua ya kwanza kuona kilichoota. Hapa alikuwa mzee mno, pale alikuwa mkali, kwa Mutinda alikuwa na pua kubwa na macho yaliyofumbwa kwa amani. Akafika kwenye karatasi yangu, akasimama.

"Hii ni ya nani?"

Nikasimama. "Yangu, baba."

"Mbona hakuna kichwa?"

"Niliogopa."

Akachuchumaa. Akatoa mkono wake wa kulia kutoka nyuma, akauweka kando ya ule wa makaa. Akatazama huu, akatazama ule, kwa muda mrefu. Aliposema, sauti yake haikuwa ya kutuambia sisi. "Hii ni mikono ya baba yangu." Babu alifariki kabla sijazaliwa, na hakuna picha yake hata moja iliyowahi kupigwa. "Kidole hiki kilikuwa chake. Sikujua kama ninacho."

Mwalimu, sasa akijua kwamba mgeni hungoja aulizwe, akauliza kwa adabu, "Na habari yako, mzee, ni ipi?"

Baba akainuka, akavaa kofia, akaivua tena. "Habari nilikuwa nayo nilipoingia," akasema. Akanywa chai.

Tulirudi nyumbani pamoja jioni ile, karatasi yangu ameiviringisha kwapani. Hakuitundika ukutani kamwe. Aliiweka ndani ya sanduku pamoja na nguo zake za ibada. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu: mwalimu anatuambia nini kabla hatujaanza? Nikasema anatuambia tutazame. "Hata kuomba huanza hivyo," baba akasema.

Nimefundisha sanaa miaka mingi upande wa Makueni, na sasa nimestaafu ninaishi karibu na Emali, mji ule ule niliouogopa, nikifundisha watoto Jumapili huku malori yakinguruma barabarani. Wanafunzi wa leo wana penseli za kila aina na karatasi nyeupe, na simu zao zina picha za babu na bibi zao wakicheka. Siwaonei wivu wala siwasikitikii. Namshukuru Mungu kwa vyote. Juzi mwalimu kijana wa shule ya hapa aliniomba nikaketi mbele ya darasa lake. Nikavaa nguo zangu za Jumapili, nikaketi, nikaweka mikono juu ya magoti. Kimya kilipokuja kilikuwa kile kile. Hakikuwa kimezeeka hata kidogo.

Katikati ya kipindi msichana wa mbele akainua kichwa, amekunja uso, kifutio mkononi. "Susu," akaniita, kama bibi anavyoitwa hapa kwetu, "hicho kidole chako cha mwisho, unaweza kukinyoosha? Nikikichora hivyo watasema nimekosea."

Nikakitazama. Nikaona mkono wa baba, na nyuma yake mkono wa mtu nisiyewahi kumwona.

"Kiache hivyo hivyo, mjukuu wangu," nikamwambia. "Kimetoka mbali."