Walisema Wote ni Walewale

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulipomchagua mwenyekiti wa machimbo yetu madogo ya dhahabu kule Geita. Nilikuwa nimekubeba mgongoni, kwa hiyo huwezi kukumbuka.

Wagombea walikuwa wawili, na wote walishawahi kuwa wasimamizi. Ngasa alikuwa mkali, mdomo wake mchafu kweli. Alimtukana baba yako mbele ya wakwe zake, na hilo sijamsamehe hadi leo. Lakini enzi zake hakuna aliyeshuka duarani, lile shimo la kuchimbia, kabla yeye mwenyewe hajagonga kwa nyundo kila mti unaozuia kuta. Lugendo yeye alikuwa mcheshi, kila msiba yupo. Enzi zake vijana waliruhusiwa kung'oa miti ya duara la zamani wakaitumie kwenye jipya, ili kazi iende haraka. Duara la zamani likatitia watu wakiwa ndani, tukazika watoto wa watu.

"Huyu anatukana, yule mzembe," baba yako alisema. "Wote ni walewale tu."

Kura yetu ilikuwa kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Baba yako na wenzake walibaki kwenye benchi la kibanda changu cha chai, wakiwacheka waliosimama juani. Lugendo akashinda. Mvua zilipoanza, miti ikang'olewa tena, na baba yako alikuwa chini.

Msibani wale wa benchi walikuja kumpa pole babu yako. Mzee hakuwapokea mkono.

"Mmoja aliwatukana, mwingine amewazika," alisema. "Mlipimaje mkaona ni sawa?"

Mimi nilikuwa mkekani nalia, huku nimemkasirikia marehemu. Hasira hiyo ninayo bado.

Juzi nimepita kijiweni kwenu, hapa Shinyanga mjini, nikakusikia unawaambia bodaboda wenzako maneno yaleyale ya baba yako. Nilishindwa hata kukusalimia.

Sikudanganyi, mwanangu, kiongozi asiye na kasoro sijamwona. Ila kasoro hazilingani. Hotuba na vicheko waachie wenyewe. Wewe uliza, alipokuwa na madaraka, watu walirudi nyumbani kwao jioni au hawakurudi? Si lazima umpende. Simama nyuma ya yule ambaye watu wake walirudi, hata kama anakuudhi.

Haya, nenda kazini. Mungu akulinde barabarani, akupe na ile miaka aliyoikosa baba yako.