Neno Mano na Machela ya Kaisho

Ipo siku moja ya mvua kule Kaisho ambayo siisahau, mwanangu, na leo nimeikumbuka baada ya kukusikia ukikariri Kihispania na simu yako: mano, mkono, mano, mkono. Unalitamka vizuri, sikatai. Lakini kulitamka ni kubisha hodi tu, ndani bado hujaingia.

Mimi sikukisoma kwenye simu. Nilikiokota jikoni kwa Sista mmoja Mhispania, muuguzi wa zahanati huko Nyakasimbi, nilipokuwa namlimia migomba yake. Alinifundisha kuwa mano ni kiganja na vidole. Kutoka hapo kwenda juu wanaita brazo, ingawa kwetu sisi yote ni mkono. Kijana anayeposa huomba mano ya binti. Kumsaidia mtu wao husema echar una mano, kana kwamba unamtupia mkono wako. Na ng'ambo huko Amerika wako wanaokiita kichana cha ndizi mano; hilo nililipenda, mtu wa migomba mimi. Tena usiseme el mano, kama maneno yao ya kiume, kwa sababu linaishia na o. Sema la mano, maana kwao ni neno la kike, Wahispania wasikucheke. Basi Sista akanifanya mkalimani wake, nami nikanunua shati jeupe na kutembea kifua mbele.

Siku hiyo ya mvua tuliitwa Kaisho kwa mama mmoja ambaye uchungu ulimshika tangu usiku na mtoto hatoki. Gari likakwama kwenye tope bondeni, tukapanda kilima kwa miguu. Sista akampima, akasema asipofika hospitali kabla ya jua kuzama tutawapoteza wote wawili. Machela ikafungwa upesi, miti miwili na blanketi, mgonjwa akalazwa. Sista akaniambia niwaombe majirani watupe una mano. Nikawaomba kwa Kiswahili kilichonyooka, nikarudia kwa Kinyambo. Wanaume wakaja, wakashika miti, mume wa yule mama akiwa nyuma. Nafasi moja ya mbele ikabaki wazi, na hakuna aliyeisogelea.

Nilikasirika, mwanangu. Mtu anakufa, nao wamesimama! Kumbe walikuwa wananingoja mimi. Kwao anayeita watu kwenye machela ndiye hutangulia mbele, na mwingine kuishika nafasi yake ni kumvunjia heshima. Mzee wa nyumba, baba mkwe wa mgonjwa, akanisogelea, wala hakupandisha sauti.

"Kijana, mikono umeiomba na umeiona. Wako uko wapi?"

Nikamjibu, "Tata, mimi ni mkalimani."

"Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Shika mti."

Nikamwachia Sista mkoba wa dawa, nikaingia chini ya mti. Uzito wake usiulize. Utelezi, mteremko, mama analia juu ya machela na mimi naogopa asije akatufia njiani. Kutoka kila shamba wakatoka watu, wakawa wanatupokea kwa zamu bila kuambiwa. Tulifika bondeni jua likiwa bado lipo, wakalisukuma na gari hadi likatoka. Mama yule tukamfikisha hospitali, akajifungua salama, mtoto wa kike, nami nililia kwa furaha mbele ya Sista bila kujificha. Tangu hapo, kila nilipoita watu kwenye vilima vile, walikuja kabla sijamaliza salamu.

Kwa hiyo nakuambia, na sina shaka hata chembe: kisome Kihispania, tena kwa bidii. Wageni wanaokuja hapa kwetu Bugene kutafuta kahawa watakuhitaji, na mtoto wa hapa anaweza kusema lugha yoyote duniani. Ila usilikariri neno peke yake. Liulize linatembea na nani, na wenyewe hulitumia wakati gani. Halafu kazi linayoitaja uwe tayari kuifanya. Siku utakapomwambia mtu te echo una mano, yaani nakusaidia, mikono ya shati uwe umeshaikunja, maana mkono mmoja haulei mwana, na wa kwanza kutakiwa ni wako.

Nenda, mwanangu. Mola akujalie ulimi mwepesi, na bega lisilokimbia mzigo.