Harufu ya Mvule

Fundi huvua miwani kabla ya kuishika bunduki yoyote, kana kwamba macho yatamsumbua. Kisha hupitisha kidole gumba, kigumu kama kwato, toka mtutuni hadi kitakoni, akinong'ona, "Haya, sema." Kanti, aliyefika hapa Southall, Uingereza, mwaka jana na sanduku moja Wahindi walipofukuzwa Jinja, kazi yake ni kuandika kadi ya maelezo ya kila bunduki, na kila mara hujikuta amezuia pumzi. Wao husemezana Kiswahili, maana Kipunjabi cha fundi, mtu wa Nairobi, na Kigujarati cha Kanti havikutani. Leo wameletewa bunduki kuukuu ya jeshi iliyopigwa msasa na vanishi mpaka alama zote zimefutika, na mwenyewe, Mwingereza, anataka kujua ilikotoka.

Fundi akafungua bamba la kitakoni, mahali msasa usipofika, akakwangua mbao kidogo kwa kisu, akanusa. "Hebu nusa wewe," akasema, sauti imeshuka. Kanti akainama, na kitanda cha mama yake kikamjia kizima kizima, pamoja na jua la dirishani. "Mvule, Sardarji!" akasema, kwa jina la heshima aitwalo Kalasinga kama fundi. "Mvule. Mti huu haumei huku," akaitikia fundi. "Mtutu ni wa hapa, lakini kitako hiki kakichonga fundi wa kwetu. Andika hivyo." Kanti, ambaye kila fomu ya nchi hii humkwamisha penye swali la alikotoka, akaandika pole pole: Kitako, kwetu. Ndipo akakumbuka kwamba mwenye bunduki hatalielewa neno hilo. Hakulifuta.