Tizita ya Mowlem

Ukulele wangu niliununua Gikomba, kwenye rundo la vitu vya watoto vya mitumba, ulipokuwa umelala kati ya dubu asiye na jicho na ngoma ya plastiki. Muuzaji aliuita gitaa la mtoto. Sikumbishia.

Nilikuwa nimerudi Nairobi baada ya kuzurura miaka mingi. Nilikaa Malindi, nikakaa Kitale, mwisho nikafika Moyale, ambako mchana nilipakua malori na jioni nilikula kwenye hoteli iliyokuwa na mpiga krar, kinanda cha nyuzi cha Ethiopia kinachopakatwa kama mtoto. Pale Moyale sikumsikiliza sana. Mimi mahali huanza kupapenda nikishahama, na muziki wa yule mtu ulianza kunifuata nilipokuwa tayari kwenye basi la kurudi.

Nilipanga chumba mtaa wa Mowlem. Jirani wa mlango wa pili alikuwa mama wa Ethiopia, aliyepika na kuuza injera, mikate myembamba ya kwao. Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kwenye ujia nikiubahatisha ule muziki wa Moyale, naye akatoka mikono ikiwa imejaa unga.

"Kaka, hiyo ni nini?"

"Si ni ya kwenu?"

"Ilikuwa ya kwetu. Sasa sijui ni ya nani."

Akanawa mikono, akaketi kizingitini, akaniimbia polepole. Ngazi hiyo ya sauti huitwa tizita, na alisema kwao neno hilo ni kumbukumbu za kitu unachokitamani na hakipo. Nikaona ni ngazi yangu hiyo. Ina sauti tano tu. Sisi tuliolelewa na kwaya tunajua saba, kuanzia do mpaka ti. Katika tizita aliyonifundisha, fa na ti hazimo kabisa, halafu mi na la zimeshuka kidogo, kama mtu aliyeketi kwenye kiti kilicholegea.

Wiki chache baadaye alinigongea mlango.

"Mama yangu anakuja. Anasema amekuja kunitembelea, lakini najua anakuja kunichukua. Ameniambia kwenye simu, huko huna watu, ukiugua nani atajua?"

"Wewe unataka kwenda?"

"Sitaki. Biashara yangu iko hapa. Maisha yangu yako hapa." Akauonyesha ukulele kwa kidevu. "Siku ya kumkaribisha kwa kahawa, umpigie tizita. Aone nina jirani anayejua sauti ya kwetu."

"Na nikiharibu?"

"Nitaanza kufunga mizigo."

Alicheka, lakini si sana.

Nikajifungia na mazoezi, kama chumba cha ploti kinaweza kufungia sauti. Nyuzi mbili za chini za ukulele, ukizigusa tu bila kubonyeza, zinatoa mi na la za kanisani, zile zile zisizotakiwa. Kidole kikiteleza kidogo, tizita inageuka pambio. Na mlango wa mwisho, kando ya chumba kisicho na mpangaji, aliishi mama mmoja kutoka Kakamega, kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya yao. Huyo hakuweza kuvumilia.

"Jirani! Hiyo mi yako imelala. Iamshe!"

"Mama, ndivyo inavyotakiwa."

"Na fa umeiuza?"

"Hawana fa."

"Watu wazima hawana fa? Wanamalizaje wimbo?"

Kilichoniokoa ni kumkumbuka yule mtu wa Moyale. Kabla ya kila wimbo alikuwa akizungusha vigingi vya krar yake, tena na tena, huku akiongea na wateja. Sikuwahi kujiuliza anatafuta nini. Sasa nikaelewa: alikuwa anaufunga mlango mapema ili asiingie mgeni asiyealikwa. Nikalegeza zile nyuzi mbili kidogo tu, mi ikashuka, la ikashuka. Sasa hata kidole kikiteleza kilianguka mahali pazuri. Jirani yangu wa injera akagonga ukuta mara moja. "Hiyo! Usiiguse tena!"

Mama yake akafika, bibi mrefu, amejitanda shuka nyeupe, akakagua chumba cha binti yake kama mtu anayekagua gunia la mahindi. Siku ya kahawa tulijibana humo: jirani akikaanga buni, mimi kwenye kigoda, na mama wa Kakamega karibu na mlango na bakuli la bisi mapajani. Kwa desturi yao kahawa hunywewa duru tatu. Nilipiga katika duru ya kwanza, sikukosea hata mara moja. Bibi akanywa, akatazama dirishani. Binti yake alinitazama kwa macho ya mtu anayetafuta sanduku lake liko wapi.

Duru ya pili nikarudia. Hapo mama wa Kakamega, aliyekuwa amejizuia kuliko nilivyotarajia, akafungua kinywa. Akaiamsha mi. Akairudisha fa.

"Mama!" nikanong'ona.

"Nyamaza. Wimbo ulikuwa uchi."

Bibi akainua mkono, nikaacha kupiga. Akasema maneno mengi kwa Kiamhari. Binti yake akashusha birika.

"Anasema wewe unapiga sawa, lakini kama mtu aliyebeba mayai."

"Na mimi?" akauliza mama wa Kakamega.

"Wewe anasema unakosea kabisa."

"Basi anionyeshe!"

Bibi hakungoja tafsiri. Alisogea akaketi naye bega kwa bega, akaimba ile mi. Mama akaiimba juu. Bibi akasukuma hewa chini kwa kiganja. Mama akashuka. Bibi akasukuma tena. Ilipotua mahali pake sote tulipiga kelele. Lakini kila mwisho wa wimbo fa ilirudi, shingo ya kwaya haikubali, na kila iliporudi bibi alimpiga mama kofi la paja na kucheka mpaka shuka ikamteleza. Kahawa ya duru ya tatu ilipoa mbele yetu.

Baadaye bibi akamwuliza binti yake kitu, kwa sauti ya kawaida, akichagua bisi bakulini.

"Anauliza nini?" nikasema.

"Anauliza kama kile chumba kisicho na mpangaji, karibu na mwisho, kinapata jua asubuhi."

"Mwambie linaingia," mama wa Kakamega akasema, "na kwamba ukuta wake ni mmoja na wangu."