Mheshimiwa wa Vumbi la Mbao

Mimi niliacha shule darasa la sita, na sijawahi kuandika barua hata moja ya kuomba kazi. Hapa Elburgon nilifika kwa miguu, nikashika ncha ya gogo, jioni nikaambiwa nirudi kesho. Leo msumeno unaousikia ukilia kutoka barabarani ni wangu, na lori mbili zinazopeleka mbao Nakuru ni zangu. Waliosoma huja kwangu kuuliza bei.

Mwaka jana mpasuaji wangu wa mbao alihama. Nikatangaza kwa mdomo tu kwamba natafuta mwingine. Zikaja barua kumi na moja, zote zimechapwa saiba moja, kile kibanda cha kompyuta cha kulipia, zote wimbo mmoja: “Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, kwa unyenyekevu na taadhima napiga magoti mbele ya ofisi yako tukufu.” Ofisi yenyewe ni kibanda cha mabanzi, kuku anataga kwenye droo. Nilisoma mbili nikajifuta uso, kama mtu aliyelambwa na mbwa.

Barua ya mwisho ililetwa na mwenyewe. Kuinua macho, nikamtambua: mzee aliyenifundisha kazi hii, mikono ile ile yenye vidole tisa. Zamani alikuwa akiniita kichwa maji mbele ya watu. Sasa alikuwa amevua kofia.

“Mzee, hata wewe?”

“Mheshimiwa, nimesikia kuna nafasi.”

“Mheshimiwa ni nani hapa? Niite vile ulikuwa unaniita.”

Akatazama chini. “Siwezi, mheshimiwa. Wajukuu watakula nini nikikukosea?”

Nilichukia. Nani alimfundisha mtu kama huyu kwamba kazi anayoijua kuliko mimi lazima aiombe akitambaa kwa tumbo? Nikamwambia mimi siajiri barua, twende kwa mashine.

Alirudisha kofia kichwani, kwanza akausikiliza msumeno, kichwa kimeinama upande. Akasema meno ya upande mmoja yamekufa. Vijana wangu wiki nzima hawakuwa wamegundua! Tukaunoa, tukapandisha gogo la saipresi, nikashika ncha kama zamani. Katikati gogo likabana. Nikanyoosha mkono kulisukuma.

“Wewe kichwa maji! Toa mkono! Unataka kubaki na tisa kama mimi?”

Wafanyakazi wote wakageuka. Mimi nikacheka mpaka nikakohoa vumbi.

“Kazi ni yako, mzee. Anza leo.”

Mashine ilipozimwa, akakumbuka alichoniita. Kofia ikatoka tena kichwani, uso ukamshuka.

“Nisamehe, mheshimiwa.”

Nikatema mate chini. Zile barua nikawashia moto wa chai, na yake ikiwemo. Kutoka hapa mpaka Olenguruone hakuna mpasuaji wa kumshinda, na anajua. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, ananiamkia kwa lile jina la saiba, na chai yangu inageuka shubiri mdomoni.